Kujifunza Dini ya Jirani si Kuhama Imani

Wengi wetu tunaogopa kwamba tukisoma darasa moja na Waislamu, imani yetu itapoa. Huko Hartford, Marekani, chuo kilichoanza katika karne ya 19 kwa kuandaa wachungaji, leo ni chuo kikuu ambamo Wakristo, Wayahudi na Waislamu wanasoma pamoja. Muislamu mwenyewe anaeleza Uislamu, Mkristo anaeleza Injili. Hakuna anayelazimishwa kuhama. Paulo alipofika Atene alitazama kwanza madhabahu zao, ndipo akahubiri (Matendo 17). Tukimsema jirani kwa jambo asiloliamini, tunamshuhudia uongo, na Bwana amekataza. Basi, tumuulize na tumsikilize, ndipo tumhubiri Kristo.