Madaraja Yaliyolipuliwa na Mizimu Isiyo na Makaburi

Reli haijawahi kufika Malinyi, kwani ile ya TAZARA, inayopita Ifakara na Mlimba, hufuata upande wa kaskazini wa Bonde la Kilombero nchini Tanzania na kuiacha Malinyi ng'ambo ya mto Kilombero. Hata hivyo, yaliyolipata bonde hilo katika Vita vya Kwanza vya Dunia hayaeleweki vizuri bila kuanzia kwenye madaraja ya Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliyalipua mwaka 1916, kwa sababu pale reli ilipokatika, na zaidi pale ilipokosekana kabisa, mizigo ya majeshi ilihamia vichwani mwa watu.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuzuka. Mnamo Agosti 1916, majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini yalipoikaribia kutoka kaskazini, Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck waliamua kurudi nyuma kuelekea kusini, lakini hawakuwa tayari kumwachia adui reli iliyo nzima, hivyo wakatega baruti katika daraja moja baada ya jingine. Huko Ngerengere, mashariki ya Morogoro, uharibifu ulifanywa kwa ukamilifu wa kutisha: daraja lililovuka korongo lilipokwisha kulipuliwa, vichwa vya treni na mabehewa vilisukumwa juu ya reli hadi ukingoni, vikaporomoka na kulundikana juu ya vyuma vilivyopinda, ili adui asipate treni wala nafasi safi ya kujenga upya.

Morogoro ilitekwa tarehe 26 Agosti na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na papo hapo wahandisi wa kijeshi wakaanza kuunda madaraja ya muda kwa magogo na mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli ili kuishikilia. Kwa kuwa madaraja hayo yasingeweza kubeba treni nzito, malori yalivuliwa matairi na kuvalishwa magurudumu ya reli, kisha yakavuta mabehewa mepesi. 

Kusini ya Reli ya Kati, kuelekea Bonde la Kilombero, hapakuwa na njia ya chuma ya kukarabatiwa. Wajerumani walijiimarisha Mahenge, eneo la milima lililolishwa na mpunga na nafaka za wakulima wa bonde, na mvua za mwaka 1917 zilipoyageuza mabonde kuwa maziwa, magari ya Waingereza hayakufaa kitu. Wanajeshi wa Ubelgiji kutoka Kongo, waliotokea upande wa reli, waliiteka Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917, na pande zote tatu zilitegemea wapagazi, yaani watu waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, kubeba chakula, risasi na majeruhi.

Hesabu ya kazi hiyo inaonyesha ukatili wake. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 25 na alihitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku, kwa hiyo safari ya siku kumi na mbili kwenda na nyingine kama hiyo kurudi ingemaliza karibu shehena yote kabla ya askari wa mbele kupata chochote. Suluhisho la makamanda likawa kuongeza wapagazi na kupunguza posho. Upande wa Uingereza pekee uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria wanakadiria kwamba si chini ya 95,000 kati yao walikufa, wengi zaidi wakiuawa na kuhara, nimonia na malaria kuliko risasi, na wengi wakaachwa kando ya njia.

Si ajabu, basi, kwamba reli na madaraja vimezungukwa na habari za mizimu. Mwaka 1898, simba wawili walipokuwa wakiwala wajenzi wa daraja la Tsavo nchini Kenya, baadhi ya wafanyakazi walimweleza mhandisi John Henry Patterson kwamba hao hawakuwa simba, bali roho za machifu wawili marehemu waliokasirishwa na reli kukata nchi yao. Hadi leo husikika katika Afrika Mashariki kwamba nguzo za daraja kubwa hazisimami mpaka itolewe kafara ya mtu, uvumi ambao, ingawa hauna ushahidi, umebeba kumbukumbu ya kweli kwamba kazi za namna hiyo ziligharimu maisha ya watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Miongoni mwa Wapogoro wa wilaya za Ulanga na Malinyi, roho za wafu huitwa mahoka, nao hukumbukwa kwa tambiko, yaani sadaka inayotolewa na ukoo. Kwa mtazamo huo, aliyekufa mbali na asizikwe na wa kwao ni deni la familia nzima, na hilo ni wazo zito kuliko hadithi yoyote ya kivuli kinachotembea darajani usiku, kwa sababu linadai kitu mahususi kutoka kwa walio hai.

Deni hilo lilichelewa mno kukiriwa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini umbo lililosimama juu yake ni la askari mwenye bunduki, na hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaahidi kuyatafuta majina hayo. Kazi hiyo haiwezi kuishia katika nyaraka za London, kwa kuwa wapagazi wengi hawakuandikwa popote na waajiri wao. Inapaswa kufika Malinyi, Mahenge na Ifakara, katika koo ambazo bado zinamtaja kwenye tambiko babu aliyechukuliwa na Wajerumani au Waingereza asirudi, na kuyaandika majina hayo sasa, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.