Je, Wajua? Panzi Ndani ya Rangi ya Van Gogh

Je, wajua kwamba kwenye mchoro wa Vincent van Gogh wa shamba la mizeituni kuna panzi? Mholanzi huyo aliuchora mwaka 1889 kusini mwa Ufaransa, nje, penye upepo na vumbi. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, Kansas City, Marekani, lilitangaza kumwona panzi huyo. Rangi iliyomzunguka haikuonyesha dalili ya kufurukuta. Maskini, alitua akiwa amekwisha kufa.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya mbegu za kitani hugandishwa na oksijeni ya hewani, kazi ya siku kadhaa, na muda wote huo nzi na mchanga hunasa. Na kwa kuwa tabaka lenye mafuta mengi huchelewa kukauka, anayejifunza kuchora kwa rangi hii huambiwa aanze na tabaka lenye mafuta kidogo, kisha lenye mafuta mengi juu yake. Akigeuza mpangilio huo, mchoro huweza kupasuka.

Na tyubu ya rangi, iliyowarahisishia wachoraji kazi ya nje? Mmarekani John Goffe Rand aliisajili mwaka 1841. Kabla yake, rangi ilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe.