Mzigo Ukilala, Usikimbilie Kushusha Bei: Somo la Wajapani Waliouza Gemu



Mwaka jana nilichukua mkopo wa kikoba, nikaenda Kariakoo nikabeba majiko kumi ya presha ya umeme. Nikarudi Ukonga, nikaposti picha kali na maneno "Mzigo mpya, njoo inboksi". Wiki tatu nimeuza mawili, tena moja kachukua shemeji. Marejesho yanakaribia, nikaamua kuuza kwa hasara nirudishe hela ya watu.

Aliyenizuia ni mdogo wangu, mgonjwa wa gemu. Akaniambia, "Dada, hata Dragon Quest ililala mwanzoni." Nikamwambia kaa hapo unisimulie.

Iko hivi. Bwana Yasuhiro Fukushima wa Japani alianza mwaka 1975 na biashara ya kuchapisha matangazo ya nyumba. Mwaka 1982 akaingia kwenye gemu na kampuni iliyoitwa Enix. Hakuwa na watengenezaji wake. Akatangaza shindano, mwenye gemu bora anapewa zawadi ya yeni milioni moja. Kati ya walioshinda alikuwepo Yuji Horii, mwandishi wa gazeti la katuni la vijana, Shonen Jump, na kijana fundi wa programu, Koichi Nakamura.

Hao ndio waliotengeneza Dragon Quest. Michoro akachora Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball. Muziki akatunga Koichi Sugiyama, na huyu walimpataje? Alinunua gemu yao ya shogi, mchezo wa bao wa Kijapani, akajaza kadi ya maoni ya mteja. Watu wa Enix wakasoma kadi, wakashtuka kuona jina la mtunzi maarufu, wakamtafuta. Sisi komenti za wateja tunazipita tu.

Gemu ikatoka tarehe 27 Mei 1986. Mwanzoni ikasuasua. Watoto walizoea gemu za kuruka na kupiga risasi. Hii unaongea na wanakijiji, unakusanya hela za kununulia upanga, nguvu zinapanda kidogo kidogo. Ukitaka kulala unapewa maneno ya siri, unayaandika kwenye daftari ili kesho uendelee ulipoishia. Sasa mteja ataelewaje hayo kwa kuangalia boksi dukani?

Horii akarudi kwenye kalamu yake. Akaandika ndani ya Shonen Jump gemu ni ya namna gani, unaanzia wapi, utamu wake uko wapi. Watoto wakaelewa, wakaenda kununua. Ikafika takribani kopi milioni 1.5 huko Japani. Mwaka 2003 Enix ikaungana na Square, wenye Final Fantasy, na mpaka leo Square Enix inaiuza Dragon Quest.

Nikarudi inboksi nikasoma upya. Watu walikuwa wameniuliza, "Hilo halilipuki?" "Linakula umeme kiasi gani?" Mimi kote nilijibu bei tu!

Kesho yake nikapika maharage mbele ya simu. Nikaonyesha mfuniko unavyojifunga, mvuke unavyotoka, na mita ya LUKU kabla na baada. Haikumaliza hata uniti moja. Kesho yake tena nikapika makongoro. Bei sikugusa. Ndani ya wiki mbili yakatoka matano. Marejesho nilichelewa siku mbili, faini nikalipa, lakini mtaji haukukatika.

Kwa hiyo mzigo wako ukilala, fanya haya kwanza:

1. Fungua inboksi, andika maswali matano yanayojirudia. Hayo ndiyo posti zako za wiki hii.
2. Onyesha kitu kikifanya kazi, usionyeshe boksi.
3. Sema na ubaya wake. Mimi nilisema wazi umeme ukikatika katikati, unasubiri. Watu wakaniamini zaidi.
4. Ukishafundisha na bado hakitoki, hapo ndipo uongelee punguzo.

Haya, niambie hapo chini: una mzigo gani umelala, na wateja wanakuuliza nini kila siku?