Ua la Zambarau Lililotoka Tanga

Simama kwenye kitalu chochote cha maua kando ya barabara za Dar es Salaam, useme unataka ua la zambarau, uone utakavyozungushwa. Utaonyeshwa bugenvilia, mche wa jakaranda ndani ya mfuko mweusi, pengine na kichaka cha jana-leo-kesho, kile ambacho maua yake huchanua zambarau iliyokolea, kesho yake yakapauka, na keshokutwa yakawa meupe. Mwisho kabisa, chini ya wavu wa kivuli, utakuta vikopo vidogo vyenye majani manene ya manyoya na maua yasiyozidi upana wa sarafu, katikati yana doa la njano.

"Hilo ni la Ulaya, mama," kijana wa kitalu aliniambia nilipoinama kulitazama. "Linataka matunzo."

Kuhusu matunzo alikuwa na haki. Kuhusu Ulaya, hapana. Ua lile asili yake ni misitu ya Tanga.

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Usambara chini ya utawala wa Wajerumani alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyependa mimea. Aliliona ua hili likiota kwenye mianya ya miamba, akalituma nyumbani kwa baba yake. Baba naye akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliliandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kuwaenzi baba na mwana, la pili kwa Kigiriki likimaanisha lenye maua kama urujuani. Wasambaa, ambao bila shaka walikuwa wakilipita kila waendapo mtoni, hawakuulizwa wanaliitaje.

Kutoka hapo likawa biashara. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ililitia sokoni. Mwaka 1927 kitalu cha Armacost na Royston huko Los Angeles kilipanda mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua miche kumi iliyopendeza zaidi, na uzao wa miche hiyo ukaenea madirishani kote Marekani. Kufikia 1946 wapenzi wa ua hili walikuwa wameshaunda chama chao. Leo aina zilizozalishwa na wakulima wa maua ni maelfu: nyeupe, za waridi, zenye petali zilizojikunja kama pindo la gauni. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, Wajerumani urujuani wa Usambara, ingawa na urujuani wa kweli wa Ulaya halina hata ujamaa wa mbali. Baron naye hakubaki na heshima yake yote. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kulinganisha vinasaba, walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, na jina la Saintpaulia likashushwa cheo.

Na hiyo zambarau yenyewe inatoka wapi? Ni kemikali iitwayo anthosiyani, iliyoyeyuka ndani ya seli za petali. Ukitaka kuisumbua, ponda petali chache kwenye kijiko cha maji kisha ukamulie ndimu: rangi itasogea kwenye wekundu. Tia chembe ya magadi, itakimbilia kwenye bluu au kijani. Bugenvilia ni habari nyingine. Kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe kilichofichwa katikati, na rangi ya majani yale ni ya jamii ya betalaini, ileile inayochafua mikono ukimenya bitiruti. Kwa hiyo anayepanda bugenvilia kwa ajili ya maua yake ya zambarau, kusema kweli, amepanda majani. Simlaumu, maana inavumilia jua la pwani kuliko mmea wowote katika orodha hii.

Lakini ninachokipenda zaidi katika ua la Usambara ni ile njano ya katikati. Ua hili halina mbochi, ile sukari ya majimaji ambayo maua mengi huwahongea wadudu. Lina chavua tu, nayo imefungiwa ndani ya vifuko vya njano vyenye matundu madogo. Nyuki wa asali akija hapa, haondoki na kitu cha maana. Katika msitu wa Mbololo, kwenye Milima ya Taita nchini Kenya, ambako huota jamaa ya ua hili isiyopatikana kwingine, mtafiti Dino Martins alilichunguza kwa miezi 16. Nyuki wanaolichavusha ni wale wapweke wa jamii ya Amegilla. Nyuki hukumbatia vifuko, kisha hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na chavua humwagika kama chumvi kutoka kwenye kichupa kinachotikiswa. Ukitega sikio utasikia mvumo wake ukipanda ghafla. Na kuna hila nyingine: kijiti cha kike katika baadhi ya maua kimepinda kulia, katika mengine kushoto. Chavua anayojipaka nyuki upande mmoja wa mwili hukutana na kijiti cha ua lililopinda upande wa pili. Kama huna msitu karibu, nenda kwenye tuta la biringani asubuhi. Nalo huchanua zambarau yenye kitovu cha njano, na chavua yake hutolewa kwa mtetemo uleule. Mwenye kiwanja kidogo angeanza na biringani: ua zuri, na mboga juu yake.

Sasa matunzo. Kopo langu la kwanza nililiua kwa mapenzi. Nililiweka barazani penye jua la mchana nikawa nalimwagia maji juu kila siku, kama mchicha. Majani yakatoka madoa meupe ya duara, moyo wa mmea ukaoza. Baadaye ndipo nilipofikiria kwao ni wapi: ubavu wa mwamba wenye kuvumwani, chini ya miti mirefu, unyevu hewani lakini maji hayatuami. Manyoya ya majani hushika matone, na tone lililo baridi kuliko jani huharibu seli zilizo chini yake. Basi weka kopo dirishani panapopata jua la asubuhi tu, au upenuni. Tumia mboji nyepesi iliyochanganywa na mchanga na makumbi ya nazi. Maji yatie kwenye sahani ya chini, yawe ya uvuguvugu wa chumba, yanyonywe kwa nusu saa, yaliyobaki umwage.

Kulizidisha hakuhitaji mbegu. Kata jani zima pamoja na kikonyo chake, kichomeke kwa mshazari kwenye mchanga wenye unyevu, kisha usilishikeshike. Baada ya miezi michache vijani vidogo vitachomoza pale chini.

Porini mambo ni magumu zaidi. Mti ukikatwa, jua huingia, mwamba hukauka, na ua lililoshikamana na jiwe lake halina pa kukimbilia; spishi kadhaa za jamii hii ziko hatarini. Sehemu ya makazi yake Usambara Mashariki imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Ukienda huko, piga picha uliache palepale.

Jakaranda, mgeni kutoka Argentina na Bolivia, mwachie mwenye uwanja mpana. Jana-leo-kesho usiipande kama unafuga mbwa, maana ni sumu kwao. Na ukiwa na bwawa, kuna ua moja la zambarau nakusihi usiliguse kabisa, ingawa ni zuri kupita yote niliyoyataja: gugumaji. Lilitoka Amazon, likasafirishwa duniani na watu waliotaka kupamba mabwawa yao. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limefunika ghuba za Ziwa Victoria, mitumbwi ikashindwa kutoka Kisumu, wakaletwa mbawakawa maalumu wa kulitafuna. Bado lipo.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule kijana na kikopo kimoja mkononi, kimechanua. Akakigeuzageuza.

"Mama, hili zuri. Umelitoa wapi?"

"Tanga," nikamwambia, ingawa jani lenyewe nililikata kwenye kopo nililonunua kwake.