Unene wa Ukoo na Mboga ya Kunde

Baada ya darasa la akina mama hapa Ziba, mmoja wao alituuliza: "Ustadh, unene wetu ni wa ukoo, nijisumbue kwa nini?" Tumeona jibu letu huenda likawafaa na wengine.

Ni kweli Mwenyezi Mungu ametuumba kwa tofauti. Jeni iitwayo MTHFR husaidia kuigeuza foleti, yaani vitamini B9, iweze kutumika mwilini. Kwa baadhi ya watu kazi hiyo huenda polepole. Zipo tafiti zilizokuta foleti pungufu katika damu ya watu wanene. Lakini mambo mawili kukutwa pamoja si ushahidi kuwa moja limezaa jingine. Tena ukoo haurithishani damu tu. Hurithishana na sufuria.

Lililothibiti ni hili: foleti ikipungua, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi, na kwa mama mnene hatari huzidi. Uti hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mama akiwa bado hajajitambua. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Aliye mnene amwulize daktari kipimo chake.

Nyumbani tupike maharage, kunde na majani yake mabichi, tusiyachemshe mno wala kumwaga maji yake. Mwili ni amana, na amana haiachwi kwa kisingizio cha ukoo.