Kabla hujasaini uasistanti

Kijana akimaliza Chuo Kikuu cha Kisangani na maksi za juu, mara nyingi kitivo chake humwomba abaki kuwa asistanti, yaani mwalimu msaidizi. Nyumbani watu hufurahi: mtoto amepata kazi ya Serikali. Wachache hufahamu kwamba kazi hiyo ndiyo mlango wa udaktari, yaani shahada ya uzamivu, na kwamba kuna waliokaa mlangoni mpaka nywele zikawa nyeupe.

Tuanze na tofauti moja. Huko Marekani, mwanafunzi wa uzamivu hupokelewa kwanza kama mwanafunzi, kisha chuo humpa saa kadhaa kwa wiki za kufundisha au kusaidia utafiti. Kwa kawaida husamehewa karo na kupewa posho ya kuishi. Ubishi haukosekani hata huko: Agosti 2016, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia, bodi ya taifa ya mambo ya kazi iliamua kwamba wasaidizi hao ni wafanyakazi wenye haki ya kuunda chama. Dar es Salaam, mkufunzi msaidizi huajiriwa akiwa na shahada ya kwanza, akitarajiwa kwenda kusoma uzamili. Kwetu Kongo, asistanti ni mtumishi aliyeteuliwa kwa muhula wa miaka miwili unaoweza kurudiwa. Akichapisha makala na kuridhisha wakubwa wake, hupanda kuwa shefu de travo, cheo kilicho kati ya asistanti na profesa. Uprofesa hauji bila udaktari, na njia ya udaktari, yaani promota (msimamizi wa thesisi), fedha na muda, mara nyingi huitafuta mwenyewe.

Faida ipo, tena kubwa. Chukua asistanti wa misitu anayepeleka wanafunzi kwenye hifadhi ya Yoko, njia ya Ubundu. Anawafundisha kupima unene wa mti kwa utepe, mita 1.30 kutoka ardhini. Mwanafunzi mmoja anauliza: na huu wenye mizizi iliyopanda ubavuni kama mbao, upimwe wapi? Asistanti lazima ajue kwamba utepe unapandishwa juu ya mbavu hizo, la sivyo mti utaonekana mnene kuliko ulivyo, na hesabu ya kaboni ya kiwanja kizima itaharibika. Hapo anagundua kama anaijua kazi yake au aliikariri tu kwa ajili ya mtihani. Kusahihisha ripoti za vijana arobaini kuhusu jambo hilohilo humnoa kuliko semina nyingi.

Upande wa utafiti ndio wenye utajiri zaidi, na historia yetu inaonyesha sababu. Wabelgiji walipounda taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC mwaka 1933, kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi, kama kilomita 100 kutoka hapa Kisangani ukishuka mto. Kikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kilimo na misitu katika Afrika ya tropiki. Wenye kalamu walikuwa Wazungu. Wakongo walipanda miti, wakabeba vifaa, wakatambua majani. Baada ya uhuru wa 1960 wenye kalamu walipoondoka, herbariamu (mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa) ilibaki, na vitabu vya vipimo pia, lakini hawakuachwa watu wa kutosha waliofunzwa kuendeleza kazi. Chuo chetu kilizaliwa mwaka 1963 kikiwa chuo huru cha Waprotestanti, kikaingizwa katika chuo kimoja cha taifa mwaka 1971, na mwaka 1981 kikapata tena uhuru wake. Kujaza pengo la Yangambi kukawa sehemu ya kazi yake.

Leo mambo yamebadilika. Mradi wa FORETS wa CIFOR, shirika la kimataifa la utafiti wa misitu, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, umewasomesha wanafunzi wa masta hapa chuoni. Mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55, uliosimamishwa Yangambi mwaka 2020 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ghent, hupima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Kijana anayefanya kazi karibu na vifaa hivyo hujifunza kusafisha takwimu, kutengeneza kifaa kilichoharibika, kuandika makala na watu wa nje. Lakini hatari ya zamani haijatoweka: ukikusanya data za mradi miaka mitatu, na data hizo zikawa za thesisi ya mtu mwingine, wewe bado ni yule mpanda miti wa Yangambi, ila sasa una diploma.

Na mshahara? Wapo asistanti wanaofundisha huku wakisubiri mekanizasioni, yaani majina yao yaingizwe kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Wakati wa kusubiri hutegemea posho ndogo ya chuo, masomo ya jioni kwingineko, au biashara ya mke. Anayefundisha vyuo vitatu ili ale hana usiku wa kuandika. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la mfumo wetu ni kuhesabu saa za kufundisha na kusahau saa za thesisi. Zote mbili zilipaswa kuandikwa katika barua moja ya uteuzi.

Basi, ndugu msomaji, mwanao au mdogo wako akiitwa kuwa asistanti, mpongeze. Kisha mwambie aulize kabla ya kusaini: promota wangu ni nani, na data nitakazokusanya zitaandikwa kwa jina la nani? Akikosa jibu, aendelee kuuliza.