Ikwiriri, mlango wa chuo ni kaunta ya steshenari

Kati ya Julai na Septemba, biashara inayochangamka kandokando ya barabara ya Kilwa pale Ikwiriri, wilayani Rufiji, si samaki wala mchele. Ni karatasi. Meza moja, kompyuta mpakato, mashine ya kopi ambayo pia inachapa, kitambaa cha bluu kimetundikwa ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, bahasha za kaki kwenye rafu, na nje benchi limejaa vijana walioshika mafaili ya plastiki. Hakuna anayehitaji kueleza kilichomleta. Amekuja kuombewa chuo, au kuombewa mkopo, au kurekebishiwa kilichokosewa wiki iliyopita.

Kuombewa. Zamani hapa mtu aliombewa dua.

Kwa maandishi, hakuna anayepaswa kuombewa. Mfumo mmoja wa udahili wa vyuo vikuu ulioanza mwaka 2010 uliwekwa kando mwaka 2017, na tangu hapo mwombaji anatuma maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Mkopo unaombwa mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa mtandaoni. Malipo yanafanywa kwa simu, kwa namba maalumu ya malipo. Maofisa wanapenda kusema huduma zimesogezwa kiganjani, na hawasemi uongo. Ila kiganja kina simu ya kitochi, bando limeisha juzi, na fomu yenyewe lazima ichapwe, isainiwe, igongwe mihuri, kisha iskaniwe na kupandishwa tena. Safari ya Dar es Salaam, kilometa zipatazo 170, imefutwa kweli. Gharama yake haikufutwa. Imehamia kwenye kaunta.

Aliye nyuma ya kaunta naye ana lake la kusema. Mama mmoja mwenye steshenari katikati ya mji, aliyeomba asitajwe kwa sababu wateja wake ni majirani zake, anasema watu wanahesabu anachopokea lakini hawahesabu kinachomtoka. Mtandao ukigoma, anayelaumiwa ni yeye. Umeme ukikatika saa tano usiku zikiwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe, wa kutafuta mafuta ya jenereta ni yeye. Kijana akikosa chuo kwa sababu alichagua kozi isiyolingana na alama zake, mzazi hamfuati mwalimu, anafuata kaunta. Kinachomchoma zaidi ni jina analopewa. Kila msimu, anasema, husikia redioni waombaji wakionywa waepuke vishoka, na keshoye anapokea barua za kuchapa zilizotoka ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu huko hakuna printa. Anauliza kishoka ni nani hapo.

Upo upande wa pili wa hadithi yake, na hakuuficha. Chini ya meza ana daftari la kaunta lenye mistari myekundu. Kila ukurasa una jina la mteja, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya simu, barua pepe aliyofunguliwa hapo hapo dukani, na nywila. Daftari hilo ndilo ghala lake. Mteja aliyesahau nywila lazima arudi kwake, na kurudi kuna bei. Mwenyewe anaona anawatunzia watoto wa watu siri zao. Mwandishi huyu anaona pia kwamba daftari hilo likiloa maji au likiibwa, nusu ya waombaji wa kata nzima wamepotea.

Kazi kubwa ya msimu si kuchagua chuo. Ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Saidi, cheti cha mtihani kimeandikwa Said, na kitambulisho cha baba, ambaye ndiye mdhamini, kina jina la ukoo lililoachwa shule ya msingi. Mfumo haumjui mtoto kwa sura. Herufi moja tu inatosha kumpeleka mtu kwa hakimu au wakili kula kiapo kwamba Saidi na Said ni mtu mmoja. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Ambaye hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na vijijini wapo wengi, anaanza mbali zaidi: makao makuu ya wilaya yako Utete, na kutoka Ikwiriri inabidi kuvuka Daraja la Mkapa, kwenda mpaka Nyamwage, kisha kukata kuingia ndani kwenye barabara ambayo madereva wa bodaboda hawaipangii bei mpaka watazame mawingu kwanza. Wa visiwani kwenye delta, kama Maparoni au Kiongoroni, wao ni wa wilaya ya Kibiti, na safari yao huanzia kwenye boti na kungoja maji yajae.

Kwa hiyo, kabla hata ya ada ya maombi ya mkopo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, kijana huwa ametumia nauli, kopi, picha, muhuri na chakula cha njiani. Hesabu hiyo haiandikwi popote.

Kisha kuna kituko cha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Wahitimu wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, wengi huitwa kambini baada ya hapo, na matokeo hutoka Julai wakiwa bado huko. Simu kambini si ya kutegemea. Anayekuja dukani basi ni baba, ameshika kipande cha karatasi chenye namba ya mtihani ya mwanawe. Anaamkiwa shikamoo, anakalishwa, kazi inaanza. Mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu ya mtoto ambayo iko kabatini kwa mtu mwingine mkoa mwingine. Mzee anaambiwa arudi kesho. Kesho anarudi, anaambiwa vilevile.

Fedha nazo zina kalenda yake, na kalenda hiyo haikupangwa pamoja na ya vyuo. Ufuta wa Pwani huuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani katikati ya mwaka, kwa hiyo mkulima aliyelipwa mapema huikuta Julai akiwa na kitu mfukoni. Aliyecheleweshewa malipo na chama chake cha msingi huja kukopa kopi. Korosho huanza kuuzwa Oktoba, wakati vyuo vinafunguliwa na mtoto anatakiwa aripoti na sehemu ya ada mkononi. Wenye maduka wanalijua hili kuliko mwanauchumi yeyote. Bei ya ufuta ikiyumba, vijana wengi zaidi wanaomba chuo kimoja badala ya vitatu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliposomba mpunga na nyumba Rufiji na Kibiti, msimu uliofuata benchi lilijaa kama kawaida, anasema yule mama, ila daftari la madeni lilijaa zaidi.

Upande wa serikali kuna namba moja inayorudiwa sana. Ofisa mmoja anayeshughulikia elimu mkoani, ambaye naye hakutaka kutajwa kwa kuwa si msemaji, anaitaja kabla hajaulizwa: bajeti ya mikopo ya elimu ya juu ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka wa fedha 2020/21, ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25, kwa wanafunzi zaidi ya 245,000. Kwake hoja imekwisha. Fedha ipo, kijana wa Ikwiriri aombe tu.

Fedha ipo, ni kweli, na imeongezeka. Lakini gawanya. Bilioni 787 kwa watu 245,000 ni wastani wa shilingi milioni 3.2 kwa kila mmoja kwa mwaka. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022/23. Kwa miezi minane ya masomo hiyo peke yake inakaribia milioni 2.4. Kinachobaki kwa ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo kila mzazi anaweza kukipiga hesabu kwa kijiti mchangani. Halafu katika hao 245,000 wamo wanaoendelea na masomo, si wapya peke yao. Na ni mkopo: tangu mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi badala ya asilimia 8 ya awali, ingawa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021. Ofisa alipoulizwa ni wangapi kati ya wanufaika hao wametoka Rufiji na Kibiti, alisema takwimu za wilaya ziko ofisi nyingine.

Kundi kubwa zaidi la wateja, hata hivyo, kwa sehemu kubwa halimo kwenye namba hiyo. Ni wa kidato cha nne ambao hawakuchaguliwa kwenda kidato cha tano na wanatafuta vyuo vya kati. Hapa ndipo biashara inapokuwa na giza kidogo. Vipeperushi vinabandikwa kwenye nguzo, mawakala wanazunguka, na inafahamika kwamba wakala hulipwa kwa kichwa. Wengi wa vijana hawa wanataka afya. Uganga unadai D ya Kemia, Baiolojia na Fizikia, na ngazi ya cheti kwa ujumla inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kipengele hicho cha mwisho kinaumiza watu wa huku kuliko kingine chochote. Mtoto ana D nne, mzazi amefurahi, amekwisha kuuza mbuzi, kumbe moja ya hizo D ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Wakala mwenye haraka hasemi. Kijana anapokelewa, analipa muhula wa kwanza, na tatizo linajitokeza pale majina yanapopelekwa kuhakikiwa. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na sifa za kila kozi hutangazwa bure mtandaoni na baraza linalosimamia vyuo hivyo. Ni kurasa nyingi, za Kiingereza, na hakuna aliyezibandika kwenye nguzo.

Jirani kabisa, Ikwiriri yenyewe ina chuo cha maendeleo ya wananchi, kimoja katika vile vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, ambako mtu anaweza kujifunza ufundi bila kupanda basi. Kwenye benchi la steshenari ni nadra kusikia kikitajwa. Vijana wanataka jina la chuo lililo mbali.

Na likizo inayotangulia msimu huu wa karatasi? Huko mijini Juni ni mwezi wa tuisheni, kambi za masomo, kozi za kompyuta na programu za kuwaandaa watoto kwa kidato kinachofuata, kila moja na ada yake. Serikali imekataza zaidi ya mara moja shule kuwaweka watoto darasani wakati wa likizo, na kila mwaka madarasa hayo yanapata jina jipya. Ikwiriri tuisheni ipo, kwa walimu wachache na vyumba vya kupanga, lakini mshindani wake ni bonde. Juni ni mavuno ya mpunga. Mtoto mwenye nguvu anahitajika shambani, na usiku anahitajika juu ya dungu kulinda kilichobaki dhidi ya nguruwe na viboko. Mwalimu mmoja wa tuisheni anasema darasa lake la likizo la Desemba hujaa mara mbili ya lile la Juni. Wahitimu wa kidato cha nne ndio wenye likizo ndefu kuliko wote, kutoka Novemba mpaka Julai, na ndio wanaoweka hai kozi za kompyuta za miezi mitatu ambazo steshenari zinauza pembeni. Baadhi ya kozi hizo, kusema kweli, ni kumfundisha mtu kuchapa barua aliyoichapa mwenye duka.

Isidhaniwe kwamba Ikwiriri ni ajabu ya dunia. Kenya biashara hii ina jina lake, saiba, na kila mji una wajazaji wake wa fomu. Utaratibu mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulioletwa huko mwaka 2023 uliwaongezea wateja. Marekani, ambako fomu ya kuomba msaada wa masomo ni ya bure, toleo jipya la fomu hiyo lililotolewa mwisho wa Desemba 2023 lilikwama kiasi cha kuchelewesha vyuo na familia kwa miezi. Tofauti ni kwamba Marekani shule nyingi zina mshauri aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Hapa mshauri ni mwenye mashine ya kopi.

Mbele ya biashara hii kukoje? Yule mama anadhani simu janja zitammaliza baada ya miaka michache. Mwenzake wa upande wa pili wa barabara haamini, kwa kuwa sheria zikibadilika watu hurudi. Machi 2024 zilipotangazwa tahasusi 65 za kidato cha tano, wazazi waliozoea PCM na HKL walikuja kuuliza hizo nyingine ni mdudu gani. Walioingia kidato cha kwanza mkondo wa amali mwaka 2024 watamaliza kidato cha nne Novemba 2027, nao watahitaji njia za vyuo ambazo bado hazijazoeleka. Kwa mwendo huo kaunta ina kazi. Labda itapungua bei, labda itapanda. Ofisa anasema mifumo itaunganishwa ili kijana asijaze jina lake mara nne. Amesema hivyo kwa ujasiri, bila kutaja mwaka.

Kwa mwenye mtoto anayemaliza kidato cha nne au cha sita: usingoje matokeo. Toa cheti cha kuzaliwa sasa, kiweke kando ya cheti cha darasa la saba na kitambulisho chako wewe mdhamini, soma majina herufi kwa herufi. Na mtoto akifunguliwa akaunti dukani, nywila aiandike kwenye daftari lake mwenyewe kabla hajainuka kwenye benchi.